Matumba ya waridi yanadondoka kabla ya kuchanua: shida ni joto, kivuli, au mkono wangu?

"Mtaalamu, mwaka jana nilihamia Dar es Salaam kutoka Usa River nikaja na miwaridi yangu mitatu. Kule ilikuwa ikitoa maua makubwa mekundu, mpita njia anasimama kuuliza. Hapa tunakaa ghorofa ya tatu, Upanga, na roshani yetu inatazama magharibi. Tangu Desemba tumba likifika ukubwa wa punje ya dengu kikonyo kinageuka njano, na nikiligusa tu linadondoka. Mawili matatu yaliyofanikiwa kuchanua yalikuwa madogo na rangi imepauka. Januari niliona jua la mchana linachoma, nikafunga neti nyeusi ya kivuli, ile nzito. Mambo yakazidi kuharibika: sasa miti inatoa matawi marefu membamba yasiyo na tumba kabisa. Nimeongeza mbolea, nimenunua busta, namwagilia asubuhi na jioni. Mama mkwe anasema mkono wangu hauna baraka na maua. Pia nina okidi niliyopewa zawadi, majani yake yananawiri lakini maua ya kwanza yalipoisha haijatoa mengine. Nifanyeje, au nigawe tu?"

Dada yangu, anza kwa kumtoa wasiwasi mama mkwe. Miwaridi yako imestahimili safari ya kutoka Usa River mpaka Upanga, imepita kiangazi cha Dar ikiwa ndani ya vyungu, na bado inachipua. Mimea ni mizima. Inachoshindwa ni kulea ua mpaka lichanue, na sababu iko kwenye maelezo yako mwenyewe, hasa kwenye mpangilio wa matukio: kwanza matumba yanayodondoka yakiwa machanga na maua machache madogo yaliyopauka, kisha baada ya neti, matawi yasiyo na tumba. Nikisoma hivyo naona shida moja inayozidi kukomaa. Joto liliianzisha, neti ikaimalizia.

Najua utashangaa, kwa sababu neti uliiweka kwa nia njema. Karibu kila anayelima maua pwani hufikiri hivyo: joto limezidi, basi niwekee kivuli. Kwa mmea wa majani tu wazo hilo lina maana. Kwa mmea unaotakiwa kutoa ua, kivuli kizito kwenye joto ni hatari kuliko jua lenyewe, na nitakueleza kwa nini.

Tuanzie pale ua linapoanzia. Miwaridi ya kisasa, hii ya mashambani na ya vitaluni, haingoji msimu wala haihesabu urefu wa usiku ili itoe maua. Krisanthemu inahesabu, ndiyo maana wakulima wake huku kwetu, ambako mchana na usiku vinakaribiana mwaka mzima, huwasha taa usiku ili isianze kutoa maua mapema. Mwaridi hauna habari hiyo. Kila jicho la mwaridi linapochipua, ua huanza kuundwa kwenye ncha ya chipukizi lingali na urefu wa sentimita chache tu, limefunikwa na majani ambayo hayajakunjuka. Wewe unaona chipukizi jekundu la majani, kumbe ndani idadi ya petali inaamuliwa wiki hiyohiyo.

Kwa hiyo yale matawi unayosema hayana tumba kabisa, mengi yake yalikuwa nalo. Lilikufa likiwa dogo kuliko kichwa cha pini. Ukitaka kuhakikisha, kata tawi moja kati ya hayo, lipeleke penye mwanga, kisha chambua kilele taratibu kwa ukucha, jani moja moja. Katikati kabisa, mahali ambapo tawi limeacha kurefuka, tazama kama kuna kidoa cha kahawia kilichokauka, kama chembe ya majani ya chai. Hicho ndicho kilichobaki cha ua lako. Shambani tawi la namna hii hutufanya tuuangalie mwanga kabla ya kugusa mfuko wa mbolea.

Sasa kwa nini mmea ujiue ua wake? Fikiria bajeti ya nyumba. Mshahara wa mmea ni sukari, na unaingia mchana tu, mwanga unapopiga majani. Matumizi yanaendelea usiku na mchana: kila chembe hai inapumua na kuchoma sukari ili iishi. Mwanga huamua ukubwa wa mshahara, na jotoridi huamua ukubwa wa matumizi. Kwa makadirio ya kawaida, joto likipanda kwa nyuzi 10 kasi ya kupumua kwa mmea huongezeka karibu mara mbili. Utengenezaji wa sukari hauongezeki hivyo; kwa mwaridi unafanya vizuri zaidi kwenye nyuzijoto 20 hadi 25 au zaidi kidogo, na joto likipita 30 unaanza kushuka, hasa matundu ya majani yanapojifunga ili kuzuia maji yasipotee.

Watu wengi hulaumu jua la saa saba mchana. Mimi naulaumu zaidi usiku. Usa River iko kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi, na hata miezi ya joto usiku unapoa vizuri. Julai mtu anatafuta blanketi. Upanga mwezi wa Februari usiku unabaki kwenye nyuzi 25 hivi, na kwenye roshani ya zege iliyopigwa na jua la alasiri unabaki juu zaidi, kwa sababu ukuta unaendelea kutoa joto hadi usiku wa manane. Mmea wako unakaa gizani kwa muda wa saa kumi na mbili ukitumia tu, bila kuingiza chochote. Asubuhi inakuta akiba imeliwa.

Akiba ikipungua, mmea hukata matumizi, na haukati kwa usawa. Chipukizi changa na majani machanga yana nguvu ya kuvuta sukari. Tumba changa halina. Likishavuka ukubwa huo wa punje ya dengu hivi, mambo hugeuka, linaanza kuvuta kwa nguvu na si rahisi tena kuachwa. Lakini kabla ya hapo liko mwisho wa foleni. Ndiyo maana matumba yako yanakwama kwenye dengu.

Na namna linavyodondoka ni kazi ya mmea wenyewe. Tumba lenye afya hutuma homoni ya auksini kushuka kwenye kikonyo, na mradi auksini inapita, kikonyo kinabaki kimeshikana. Tumba likikosa chakula mtiririko huo hufifia. Hapo chembe zilizo kwenye pingili ya kikonyo huanza kuisikia gesi ya etilini, ambayo mmea huitengeneza wenyewe, na huyeyusha gundi inayozishikanisha. Kikonyo kinakuwa njano, kisha kidole kikigusa tu, tumba hilo chini. Angalia kovu linalobaki: likiwa laini, kama limekatwa kwa wembe, mmea umeamua. Likiwa limechanika, lina matundu au ungaunga, kuna mdudu, na hilo ni jambo jingine nitakalolitaja baadaye.

Yale mawili matatu yaliyochanua madogo na kupauka yanaingia kwenye hesabu hiyohiyo. Joto linaharakisha kila hatua, ua linakimbia kutoka jicho hadi kuchanua kwa wiki tano au sita badala ya nane, na petali linazopata ni chache kwa sababu muda wa kuzipanga ulikuwa mfupi. Rangi nyekundu ya waridi inatokana na anthosianini, na kuitengeneza kunahitaji sukari na mwanga; kwenye joto hutengenezwa kidogo na huharibika upesi. Ndiyo sababu wakulima wa maua ya kuuza nje waliopanda juu, kule Timau chini ya Mlima Kenya, wanapata vichwa vikubwa kuliko wenzao wa nyanda za chini, ingawa wanangoja muda mrefu zaidi kati ya mavuno na mavuno. Hawana siri ya mbolea. Wana usiku wa baridi na jua kali la mchana, vyote viwili kwa pamoja.

Turudi kwenye neti. Jua la utosini Dar lina mwanga wa laksi 100,000 hivi; laksi ni kipimo cha mwanga. Lakini roshani yako inatazama magharibi na iko chini ya dari ya ghorofa ya nne, maana yake kuanzia alfajiri hadi saa saba mchana miwaridi yako haioni jua. Inaona nusu ya anga, labda laksi 5,000 hadi 10,000. Ukaja ukaweka neti nzito. Hizo nyeusi nzito zinazouzwa madukani nyingi huzuia robo tatu ya mwanga. Kilichobaki asubuhi ni laksi 2,000 hivi, mwanga wa sebuleni karibu na dirisha. Mmea unaotaka walau saa sita za jua la moja kwa moja sasa unaishi sebuleni, ila sebule yenye joto la roshani. Joto halikushuka sana, kwa sababu hewa ya Dar ni ileile na ukuta ni uleule. Ulipunguza mshahara, ukaacha matumizi yalivyo.

Kuna na jambo la pili kuhusu mwanga ambalo halihusu chakula. Jicho la mwaridi lina tabia ya peke yake: halichipui gizani kabisa, hata kama shina limejaa sukari, tofauti na mimea mingine mingi. Mwanga ni ishara pia. Chipukizi likifunikwa na majani mengine, linapokea mwanga uliokwisha kunyonywa wekundu wake na majani ya juu, na mmea huusoma kuwa una majirani wanaouzidi kimo. Unachofanya ni kurefusha shina ulitafute jua, na ua linawekwa kando. Matawi yako marefu membamba yanakueleza hivyohivyo.

Macho yetu hayafai kupima haya. Mboni inajipanua kivulini, basi mahali penye mwanga mara ishirini pungufu panaonekana panang'aa tu. Pakua programu ya kupimia laksi kwenye simu yako. Si kipimo cha maabara, lakini inatosha kukuonyesha tofauti. Weka simu pale tumba lilipo, kioo kikitazama juu, pima saa tatu asubuhi, saa sita na saa tisa alasiri, kwenye neti na nje ya neti.

Kuhusu mbolea na busta, acha zote kwa sasa. Mmea uliokosa mwanga haukosi naitrojeni. Ukiulisha naitrojeni zaidi utaongeza majani machanga, yaani washindani wa tumba walewale waliokuwa wakilinyang'anya chakula. Isitoshe, chumvi za mbolea hujikusanya kwenye chungu. Kama nyumba yenu inatumia maji ya kisima, fahamu kwamba visima vingi vya maeneo ya karibu na bahari vina chumvi, na mwaridi hauipendi. Dalili yake ni kingo za majani kuungua rangi ya kahawia kuanzia kwenye ncha. Ukiona hivyo, mwagia chungu maji safi mengi mara moja hadi yatiririke chini kwa dakika kadhaa, yaisafishe. Maji ya mvua ni bora zaidi.

Kumwagilia mara mbili nako kuna hatari yake. Maji yenye joto hubeba oksijeni kidogo, na mizizi iliyo kwenye joto inataka oksijeni zaidi, kwa hiyo udongo unaolowa muda wote Februari unaizamisha. Mwagilia asubuhi, vizuri, mara moja. Jioni choma kidole hadi kiungo cha pili. Mwagilia tu kama pamekauka. Na maji ya kwanza yanayotoka kwenye mpira uliolala juani yamwage sakafuni. Yanaweza kuwa ya moto wa kukuchoma mkono, sembuse mizizi.

Sasa la kufanya. Ondoa neti, lakini si kwa siku moja. Majani yaliyokua kivulini ni membamba na yataungua. Siku chache za kwanza ifungue mpaka saa saba mchana, jua likiingia uifunge. Kisha uisogeze saa moja mbele kila baada ya siku mbili tatu, hadi uitoe baada ya wiki mbili. Kama jua la kuanzia saa nane hadi kumi linaonekana kuunguza petali, weka neti nyepesi, ile ya asilimia 30 au 35, tena kwa saa hizo tu. Kivuli chepesi cha mchana hakiumizi sana, kwa sababu jani la juu likiwa kwenye jua la utosini linapata mwanga kuliko linavyoweza kuutumia. Kinachoumiza ni kivuli cha asubuhi, wakati hewa haijachemka, matundu ya majani yako wazi na kazi inaenda vizuri.

Halafu inua vyungu. Ukuta wa roshani za Upanga mara nyingi unafika kiunoni, na chungu kilichokaa sakafuni nyuma yake kinaishi shimoni. Stuli au meza imara inayofikisha majani juu ya ukuta inaweza kuongeza mwanga kuliko busta yoyote ya dukani; pima kabla na baada uone mwenyewe. Funga vyungu kwa waya, tafadhali. Hiyo ni ghorofa ya tatu na chini wanapita watoto. Kama jengo lenu lina dari ya juu inayofikika, au jirani wa upande wa mashariki ana huruma, jua la asubuhi hadi saa tano ndilo bora kuliko yote kwa mwaridi wa pwani. Dari ina upepo na sakafu inayochemka, kwa hiyo usiweke vyungu moja kwa moja juu ya zege, tanguliza matofali.

Mizizi ipoe. Kama umepanda kwenye ndoo nyeusi za plastiki, upande unaopigwa na jua la alasiri unaweza kupita nyuzijoto 40, na mizizi ya upande huo inakufa. Ingiza ndoo ndani ya chungu kikubwa cha udongo, au ipake rangi nyeupe kwa nje. Funika udongo kwa makumbi ya nazi yaliyochambuliwa, kina cha vidole vitatu, yasiguse shina. Vitu hivi vinaonekana vidogo, ila kwenye joto la usiku ambalo huwezi kulipunguza, ndivyo vilivyobaki mkononi mwako.

Tazama pia kilichopo jirani na vyungu. Mashine ya nje ya kiyoyozi, iwe yako au ya jirani wa chini, inapuliza upepo wa moto mkavu muda wote inapofanya kazi, na tumba lililo kwenye njia yake halina maisha. Moshi wa jiko la mkaa una etilini. Ndizi zilizovundikwa pia. Ikiwa roshani hiyohiyo ndiyo jiko la dharura na ghala la matunda, tenganisha.

Mkasi usiutie kwa nguvu wakati huu wa joto. Majani ndiyo mshahara. Ukikata sana unamfukuza mfanyakazi. Kata tu matawi membamba ya katikati yanayofunikana, na yale yasiyo na ua yafupishe hadi jani lenye afya linalotazama nje. Kisha fanya jambo litakalokuuma: mpaka masika yapite, kila tumba litakaloonekana likate wewe mwenyewe likiwa dogo. Machi na Aprili Dar ina joto bado na mawingu juu, mbaya zote mbili pamoja, na ua utakalolipata halifai gharama yake. Acha mmea uweke akiba. Wiki ya mwisho ya Mei, mvua zikipungua, pogoa vizuri, rudisha mbolea yenye virutubisho vyote kwa nusu ya kipimo kilichoandikwa. Machipukizi yatakayotoka yataunda maua Juni, usiku ukishuka kuelekea nyuzi 19 na anga ikiwa wazi, na yatachanua katikati ya Julai. Kuanzia hapo hadi Oktoba ndio msimu wako.

Sitakudanganya kuhusu ukubwa. Waridi la Upanga halitafika lile la Usa River, hata ukifanya yote niliyosema. Tegemea ua dogo kiasi, lenye petali pungufu, na rangi itakayokuridhisha Julai na kukuudhi Desemba. Kuna watakaokushauri ununue taa za kukuzia mimea. Zinafanya kazi, lakini taa ndogo ya mezani haifikii mwanga unaotakiwa na mwaridi, na yenye nguvu ya kutosha italila tokeni lako la LUKU. Mimi nisingenunua. Ningerudisha mti mmoja Usa River kwa mtu ninayemwamini, nikabaki na miwili, na pembeni nikapanda maua yasiyogombana na joto.

Maana joto lenyewe si adui wa ua. Mkarafuu unajaza matumba yake Pemba, na hayo matumba ndiyo karafuu. Asumini inazaa zaidi kunapokuwa na joto na jua tele, na wanawake wa Mombasa na Unguja wameitungia vikuba kwa vizazi bila kiyoyozi. Langilangi vivyo hivyo. Bogenvilia ikipata jua la kutosha na maji ya kubana kidogo itafunika ukuta wako; ikipata kivuli na maji mengi itakupa miiba na majani. Adeniamu, ambayo kwao ni huku huku Afrika Mashariki, itafurahia hata roshani ya magharibi. Na kama moyo unataka waridi tu, tafuta yale madogo yenye harufu ambayo watu wa pwani wamekuwa nayo siku zote. Kichwa chake hakishindani na la dukani, lakini harufu inashinda.

Okidi yako ni kesi tofauti, ingawa inafanana kwa nje. Kama ni ile yenye majani mapana mazito na maua kama kipepeo, yaani falenopsisi, basi haijapoteza matumba. Haijaanza hata kuyaunda. Ili itoe bua la maua, inahitaji wiki tano sita hivi za hewa iliyo chini ya nyuzi 25 au 26. Ikikaa juu ya 28 inaendelea kutoa majani tu, tena mazuri, kama unavyoona. Hata bua likishaanza, likirudishwa kwenye joto mapema linaweza kugeuka na kutoa mche mdogo badala ya maua. Wengi huiweka chumbani, kiyoyozi kinawashwa usiku, asubuhi kinazimwa. Haitoshi, kwa sababu joto la mchana peke yake linaweza kuizuia, hata usiku ukiwa wa baridi. Kinachofaa ni mahali palipopoa mchana penye mwanga: ofisi yenye kiyoyozi, hatua moja kutoka dirishani, isipigwe jua moja kwa moja wala upepo wa kiyoyozi. Kama unafanya kazi ofisini, ipeleke Julai ambapo hata mwisho wa juma, kiyoyozi kikiwa kimezimwa, jengo halichemki sana. Ikiwekwa kwenye baridi lakini gizani, napo haitatoa kitu.

Kuna hali ambazo maelezo yangu hayatoshi na unahitaji mtu aushike mti. Kata tumba kwa urefu uangalie ndani: ukiona vijidudu vyembamba vya manjano au kahawia vinavyokimbia katikati ya petali, hao ni vithiripi, na tumba lao mara nyingi hukua hadi mwisho kisha linagoma kufunguka, kingo za petali zikiwa za kahawia. Matumba yaliyofunikwa na ukungu wa kijivu wakati wa mvua ni ugonjwa wa kuvu. Shina linalokuwa jeusi kutoka chini, au mmea unaonyauka udongo ukiwa mbichi, ni mizizi au shina limeoza. Na machipukizi yenye nguvu yanayotoka chini ya kiungo cha kupandikizia, yenye majani tofauti na mengine, ni ya shina mama. Yang'oe kabla hayajameza mti wote. Katika hizo tatu za mwanzo usinunue dawa kwa kubahatisha, hasa kwenye roshani ambayo nguo zinaanikwa na watoto wanacheza. Muulize afisa ugani wa kata yako, wapo hata mijini. Ukipita Arusha kwenda nyumbani, TARI Tengeru, kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, wanashughulika na mazao ya bustani na wako njiani kuelekea Usa River. Morogoro kuna Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo.

Ukienda kwao usibebe tumba moja lililokauka. Beba tawi zima lenye majani ya juu na ya chini, limefungwa kwenye gazeti lililoloweshwa kidogo, pamoja na matumba ya kila hatua: la kichwa cha pini, la dengu, na mojawapo lililofika mbali zaidi. Andika na vile vipimo vya laksi vya saa tatu, saa sita na saa tisa. Ndicho kitu cha kwanza nitakachokuuliza hata mimi ukiniandikia tena.